Ongeza RAM, Uone Moto

Faili lilikuwa diski ya kompyuta pepe, GB 80, nami nalinakili kutoka kompyuta yangu ya Linux kwenda kwenye hifadhi ya mtandao. Nikabonyeza Enter. GB 1, GB 2, GB 3, kufumba na kufumbua! Waya wa gigabiti 1 hupitisha kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo kasi ile ilikuwa ya uongo mtupu. Nikaifurahia hivyo hivyo.

Mara kipanya kikagoma. Muziki ukanasa kwenye silabi moja, nda-nda-nda-nda, kama cherehani. Nikaituma amri ya `df` ikaangalie nafasi ya diski, haikurudi. Nikaituma `ls`, mworodhesha faili, imfuate mwenzake, nayo ikapotelea huko huko. `kill -9`, muuaji asiyejua huruma, akapuuzwa: `ps`, orodha ya michakato, ilionyesha herufi D, yaani mchakato unasubiri diski au mtandao, na ukiwa hapo mara nyingi hausikii la mtu.

Jirani wa meza akatoa dawa yake: "Ongeza RAM, bwana."

Sasa hapo ndipo penye kichekesho. Linux haipeleki data moja kwa moja kwenye seva, huirundika kwanza kwenye RAM. Kwa kawaida mpaka wa rundo hilo, `vm.dirty_ratio`, ni 20, yaani asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo. Ukiwa na GB 16, karibu GB 3 zinaweza kurundikana kabla breki hazijakamata, na zikikamata, kila anayetaka kuandika hupanga foleni, hata kivinjari chenye kijifaili cha KB 2. Kama diski za seva zinameza MB 30 tu kwa sekunde, GB 3 ni sekunde 100. Zikivuka 120, `dmesg`, shajara ya kiini cha Linux, huanza kulalamika kwamba mchakato fulani umekwama. Ukiwa na GB 64, rundo linakaribia GB 13. Hesabu mwenyewe.

Dawa ni kupunguza rundo. Kwenye `/etc/sysctl.d/90-uandishi.conf` weka:

vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 268435456

Kisha `sudo sysctl --system`. Hizo ni MB 64 za kuanza kumwaga na MB 256 za kufunga breki. Zile `ratio` zitasomeka 0. Usishtuke, ndivyo zilivyoundwa. Tazama rundo likipanda na kushuka:

watch "grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo"

Atakayekwambia uunganishe NFS (njia ya kufikia faili za seva kupitia mtandao) kwa `soft` ili isigande, mshukuru na usimsikilize: seva ikichelewa, programu hupewa kosa, na faili linaweza kubaki nusu. Na kama faili dogo linapita ila kubwa linakwama hata baada ya haya, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya mtandao, kwa baiti) ya 9000 ambayo swichi haiijui. `ping -M do -s 8972` kwenda kwa seva itakupa jibu.

Jirani naye alikuwa keshajiongezea RAM hadi GB 64. Mistari ile miwili nilimwandikia kwenye kikaratasi, maana kwa skrini yake ilivyoganda, ujumbe usingefunguka.