Karai la Mackinnon Road

Ami akishika usukani hashauriani na mtu. Tulipofika Mackinnon Road, mji mdogo wa njiani kati ya Mombasa na Voi, alipunguza mwendo, akaegesha kando ya msikiti, akavua viatu. Sisi tuliokuwa tukikimbilia harusi Voi tukaanza kunung'unika, maana saa nzima ilikuwa imetupotea Mariakani nyuma ya malori ya mzani. "Shukeni mumwamkue mwenye mji," akasema.

Mwenye mji ni Seyyid Baghali, Mpunjabi aliyekuja kujenga reli ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Kaburi lake liko hapo hapo, ubavuni mwa reli ya zamani. Inasimuliwa kuwa akibebeshwa karai la kokoto, karai halikumgusa kichwa, lilielea juu yake na kumfuata kila aendako. (Mwanangu alidhani ni karai la kukaangia viazi. Sikumlaumu, ni mtoto wa Mombasa.)

Nina marafiki waliosoma wanaocheka hadithi hii, na mimi sina haja ya kuwabishia. Kinachonishangaza ni jina la mji. William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Uskoti, mkuu wa kampuni ya Imperial British East Africa. Alikufa 1893, reli haijalazwa hata taruma moja. Ramani imemkumbuka yeye, lakini sijaona dereva hata mmoja akisimamisha lori kumwombea Mackinnon.

Kwa Baghali wanasimama. Mbele yangu alikuwa dereva wa trela, vidole vyeusi kwa grisi. Alivifuta kwenye suruali mara mbili kabla ya kugusa kitambaa cha kaburi, akatia sadaka yake, akaomba kimya kimya. Kisha akatoka, akapiga teke magurudumu moja moja kuyapima upepo, akaondoka. India ilitoa vibarua zaidi ya 31,000 kwa reli hiyo, na karibu 2,500 walifia kazini. Ni wangapi tunaowataja kwa jina? Hata kama karai halikuelea, kuna mbeba kokoto mmoja ambaye hajasahauliwa, na waliomhifadhi ni madereva.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza waliweka hapa kambi ya kuwafungia watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni. Nilimuuliza muuza chai ilikuwa wapi. Akanielekeza kwa kidevu, "Kule," huku akimimina kikombe cha mtu mwingine. Nilitazama kule nikaona vichaka vya nyika na mbuzi wawili. Kwa hilo nina uchungu kweli, kwa sababu waliofungwa pale walikuwa na majina, na treni mpya ya 2017 inapita bila kusimama.

Voi tulifika saa kumi. Biriani ilikuwa imebaki ukoko. Ami aliukwangua kwa raha zake, sisi tukimtazama.