Kibofu Ndani ya Ngiri: Je, Kila Mzee Apigwe Picha Kabla ya Upasuaji?

Ngiri ya kinena, yaani uvimbe wa kiungo cha ndani kilichopenya ukuta dhaifu wa tumbo, kwa mwanamume mzee huchukuliwa moja kwa moja kuwa ni utumbo ulioshuka. Hata hivyo, katika kila ngiri 100 za aina hiyo, kati ya 1 na 4 huwa na sehemu ya kibofu cha mkojo ndani yake, na nyingi hugunduliwa mgonjwa akiwa tayari kwenye meza ya upasuaji, wakati ambapo ni rahisi kukikata kibofu kwa kudhani ni mfuko wa ngiri.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kila mzee mwenye ngiri afanyiwe kwanza CT skani, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mionzi. Wanaopinga hujibu kwamba wengi wangepigwa mionzi na kulipia kipimo bila faida yoyote, na kwamba kibofu kilichotobolewa, mradi kitambuliwe papo hapo, hushonwa na kupumzishwa kwa mpira wa mkojo. Naegemea upande huu wa pili, lakini kwa sharti kwamba mgonjwa aulizwe habari za mkojo wake. Mzee anayekojoa kwa awamu mbili, kwanza kama kawaida, kisha kwa kuuminya uvimbe wa ngiri ulioshukia korodani mpaka unywee ndipo mkojo uliobaki utoke, asipasuliwe bila picha. Wengi huona haya kulitaja jambo hilo, hasa mbele ya daktari wa umri wa mjukuu wao, kwa hiyo si haki kungoja waseme wenyewe.

Kuhusu tiba, kwa kawaida kibofu hurudishwa mahali pake na ukuta wa kinena ukaimarishwa kwa wavu. Hukatwa hasa pale ambapo sehemu yake imekufa au ina uvimbe wa saratani. Ubishi mkubwa uko kwenye tezi dume, kwa kuwa ikiziba njia ya mkojo, shinikizo la kujikamua husukuma kibofu na huweza kuifanya ngiri iliyokwisha kuzibwa itokee tena. Kutibu ngiri na tezi dume kwa pamoja humwepusha mzee na nusukaputi ya pili, ila mkojo wenye maambukizi unaweza kuuharibu wavu. Mkojo ukiwa na vijidudu, naona ni salama zaidi kuanza na tezi dume. Kwa mzee dhaifu asiye na dalili, kumfuatilia bila kumpasua ni uamuzi wa busara, isipokuwa ultrasaundi ikionyesha figo zimeanza kuvimba.