Raizi boli ya nini kama chenjiapu hana?

Jamani kuna video inazunguka, kocha wa softiboli anamfundisha mtoto wa sijui miaka tisa, kumi, raizi boli, ule mrusho unaosemekana unapanda ukimkaribia mpigaji, mzazi pembeni anarekodi huku anapiga kelele "inapanda hiyo!" Inapanda wapi? Ule mpira ulikuwa unazunguka kama risasi, pua mbele, na mpira wa hivyo haupandi wala haukati kona, unakuja tu umenyooka upigwe. Hata raizi ya ukweli haipandi, inachelewa kushuka kwa sababu ya bakispini, yaani mpira kuzunguka kinyumenyume, jicho la mpigaji ndo linadanganyika. Mnabisha? Zungushieni mpira utepe mweusi, arushe, mstari ukiyumbayumba basi hamna raizi hapo, mna video tu.

Na mtoto mwenyewe chenjiapu hana, ule mrusho wa polepole unaojifanya wa kasi! Yaani hii ndo inaniudhi. Kutoka futi 43 alipo mrushaji, mpira wa maili 60 kwa saa unafika chini ya nusu sekunde, mpigaji inabidi aamue mapema, sasa mletee wa maili 47 kwa mkono uleule uone anavyopiga hewa mpira bado uko njiani. Ila huo "mkono uleule" ndo shughuli. Watoto wengi wakitaka kupunguza kasi wanapunguza bega, mpigaji anasoma kutoka mbali, mpira unaenda uzioni. Bega lizunguke kwa hasira zote, hatua iwe ndefu vilevile, ujanja ubaki mwishoni tu, mgongo wa kiganja utangulie au mpira uushikilie ndani kabisa ya kiganja. Wiki za kwanza ni aibu tupu, mingine inadunda, mingine inampita mdakaji juu ya kichwa, na nani atarekodi hiyo? Hakuna. Ndo maana haifundishwi.

Haya, najua mtaniletea Ueno, yule mrushaji wa Japani. Sawa, mipira 413 kwa siku mbili Beijing 2008, Japani ikabeba dhahabu, nakubali, raizi ikiwa kwenye mkono kama ule ni balaa. Alikuwa na miaka 26 lakini. Ishirini na sita!

Dropu, ule mpira unaozama, sina ugomvi nayo, ifuate chenjiapu. Kevu na skruu, zile zinazokata kona, zisubiri.

Wazazi, kabla hamjalipa muulizeni kocha: mipira mitatu mibaya, straiki mbili, yaani mrusho ujao unaweza kuamua kila kitu, mwanangu arushe nini? Akisema raizi, beba begi la mtoto mwondoke.