Mikono minane iliyobaki mapajani

Mkutano wa wavuvi kusini mwa Pemba, watu 24 chini ya mwembe, hoja moja: mwamba wa pweza ufungwe, usivuliwe, miezi mitatu au usifungwe. Waliotaka ufungwe walinyoosha mikono tisa. Waliokataa, saba. Wanane hawakunyoosha popote. Katibu akaandika "imepita". Mzee mmoja akamuuliza: "Imepita vipi, nanyi ni tisa tu katika ishirini na nne?"

Katibu alihesabu kura zilizopigwa. Mzee alihesabu vichwa: nusu ya 24 ni 12, basi zilitakiwa 13. Kwa hesabu ya katibu, aliyejizuia hana uzito. Kwa hesabu ya mzee, apende asipende, amekataa.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa huhesabu kama katibu. Tarehe 2 Machi 2022, azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine lilipata ndiyo 141 na hapana 5. Nchi 35, Tanzania ikiwemo, zilijizuia na hazikuingia kwenye hesabu. Utaratibu huu unampa mtu nafasi ya kweli ya kukaa kando, na kijijini, ambako mtoa hoja ni mjomba wako na mpinzani wake ni mkweo, nafasi hiyo si anasa.

Bunge Maalumu la Katiba la Tanzania mwaka 2014 lilikwenda na hesabu ya mzee: theluthi mbili ya wajumbe wote wa Zanzibar, na vivyo hivyo wa Bara. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walikwishatoka, kwa hiyo kila kiti kitupu kikawa hapana isiyotamkwa. Ndiyo maana kanuni zilirekebishwa hata waliokwenda Hija waweze kupiga kura. Ubaya wake ni kwamba anayetaka kukwamisha jambo hana haja ya kujieleza. Abaki nyumbani tu.

Wapo wasemao kunyamaza ni kukubali. Chuoni, kwenye madrasa, tulisoma kuwa idhini ya mwari anapoozwa ni kimya chake, lakini tulisoma pia kuwa aliyewahi kuolewa lazima atamke. Na wale wanane hawakuwa wari.

Kwa suala la mwamba mimi niko na mzee. Ingekuwa kununua turubai la kamati, kura tisa zingetosha: pesa itatoka, na aliyenyamaza atakaa chini ya turubai kama wenziwe. Kufunga mwamba ni jambo jengine, linataka kila mmoja ajizuie kuvua. Bamvua likija na maji yakikauka, wale wanane wana mchokoo wa pweza mkononi, na hakuna wa kusimama huko kuwasomea kumbukumbu za mkutano.

Hakuna aliyewauliza sababu. Mmoja wao, mama wa makamo, nilifuatana naye njiani. Kufunga hakukupinga. "Miezi mitatu inapita sikukuu," akasema. "Nguo za watoto nitanunua na nini? Wangesema miwili, ningenyoosha mikono yote."