Wingi wa Matrekta ya Mtumba Hausemi Chapa ni Mbovu

Kila msimu wa kilimo unapokaribia mkoani Tabora, mkulima anayetafuta trekta lililokwisha kutumika husikia hoja moja kutoka kwa watu anaowaamini: chapa ambayo matrekta yake yanauzwa kila kona ni chapa iliyowashinda wenyewe, na chapa ambayo ni nadra kuikuta ikiuzwa ndiyo ambayo wenye nayo hawataki kuiachia. Hoja hii haikutungwa na wajinga. Mtu hauzi kwa hiari kitu kinachomlisha, na katika mkoa unaotegemea mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, trekta linalokufa giaboksi mwezi Desemba huondoka na mapato ya mwaka mzima. Mwenye trekta huyajua magonjwa yake kabla ya mnunuzi, na wapo wanaouza wiki chache kabla ugonjwa haujajitokeza. Anayenunua ana kila sababu ya kushuku.

Lakini shaka hiyo inalihusu trekta moja na muuzaji mmoja. Haiwezi kuhamishwa hivi hivi ikawa hukumu juu ya chapa nzima, kwa sababu magonjwa ya kufichwa yapo katika kila chapa. Anayetaka kuhukumu chapa kwa wingi wake sokoni hana budi kujua kwanza ni matrekta mangapi ya chapa hiyo yaliyowahi kuuzwa yakiwa mapya. Chukua Massey Ferguson, chapa iliyotokana na Ferguson: kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kilitengeneza zaidi ya matrekta 500,000 ya aina ya Ferguson TE20 kati ya mwaka 1946 na 1956, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2002 jumla ya matrekta yaliyotoka hapo ilikuwa imezidi 3,000,000. Hapo hatujahesabu matrekta ya Massey Ferguson yaliyotengenezwa Beauvais nchini Ufaransa, wala yale yaliyotengenezwa kwa leseni na Millat nchini Pakistani na TAFE nchini India. Hakuna mtu anayekwenda mnadani Igunga, akaona ng'ombe wamejaa na punda ni wa kuhesabu, akarudi nyumbani akisema kwamba wafugaji wamewachoka ng'ombe.

Jambo linalonisumbua zaidi katika hoja hii, na ambalo naona halipewi nafasi yake, ni kwamba soko la mitumba halionyeshi matrekta yote. Linaonyesha yaliyo hai tu. Ili trekta liuzwe ni lazima kwanza liwake, livute plau mbele ya mnunuzi, na lipande mlima mdogo bila kutoa moshi wa kutisha. Trekta lililokufa halitangazwi. Liko nyuma ya ghala la chama cha msingi cha ushirika au kwenye uwanja wa nyumba, juu ya mawe, limevuliwa pampu ya dizeli, nozeli na magurudumu, na majani yameota hadi kwenye usukani. Hakuna dalali anayempeleka mtu kuliona. Kwa hiyo chapa ambayo matrekta yake yalikufa mapema huacha nafasi tupu sokoni, na nafasi hiyo tupu, kwa mtu asiyeuliza zaidi, hufanana kabisa na ile ya chapa ambayo wenye nayo wanaipenda mno kuiuza. Uadimu una sababu tatu: trekta linapendwa, au limekufa, au halikuwahi kufika. Soko halina namna ya kutuambia ni ipi kati ya hizo.

Mfano wa Valmet unatosha. Katika miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Ufini yaliunganishwa hapa hapa nchini, Kibaha, katika kiwanda cha TRAMA. Chapa yenyewe haikufa. Inaendelea hadi leo kwa jina la Valtra, chini ya kampuni ya AGCO ambayo ndiyo yenye Massey Ferguson pia. Ikiwa mtu wa Nzega leo haoni Valmet ya zamani ikiuzwa, atakosea akidhani wenye nazo wamezikumbatia, na atakosea vilevile akidhani zilikuwa mashine dhaifu. Trekta hufa pale mnyororo wa spea unapokatika, hata kama chuma chake ni imara.

Sasa litazame trekta la Massey Ferguson (MF) 135, aina iliyoingia sokoni mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Linapopatikana likiuzwa leo, huwa limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa na mara nyingi lina umri mkubwa kuliko dereva wake. Mtu anaweza kusema, na ni kweli, kwamba trekta la namna hiyo limefunguliwa injini mara nyingi, limebadilishiwa pistoni na klachi, na pengine kilichobaki cha kiwandani ni chasisi na jina. Nakubali. Hata hivyo hakuna mtu anayetoa fedha zake kufufua mashine isiyolipa, na kila mara lilipofufuliwa kuna mtu aliyepiga hesabu akaona inafaa. Kuuzwa kwa trekta la miaka hamsini kunathibitisha kwamba hesabu hiyo imerudiwa, na wamiliki tofauti, wakafikia jibu lile lile.

Wingi sokoni una chanzo kingine kisichohusiana kabisa na ubora: matukio yanayowalazimisha watu wengi kuuza kwa pamoja. Watu wa Urambo wana historia ya jambo hili katika ardhi yao wenyewe. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na baadaye kuhusisha Urambo na Nachingwea, ulitegemea kwa kiasi kikubwa mashine zilizokwisha kutumika, yakiwemo matingatinga ya jeshi yaliyotolewa hadi Ufilipino, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers. Mashine hizo zilipatikana kwa wingi kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1945, na wingi ule haukuwa na habari yoyote juu ya chapa. Mashine nyingi zilichakaa upesi mno katika visiki na udongo mgumu, karakana na mafundi wakiwa hawatoshi, na mpango ukaachwa mwaka 1951.

Karibu zaidi na sisi, baada ya mwaka 2010 SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, iliuza kwa mkopo matrekta ya New Holland na Farmtrac yaliyoletwa kwa fedha za mkopo kutoka India. Matrekta yaliyoingia kwa mkupuo huzeeka kwa mkupuo, na mwenye deni huuza kwa sababu ya deni hata kama trekta halijamkosea.

Upo pia upande wa faida ambao hoja ya wenye shaka haiugusi. Chapa iliyojaa sokoni ndiyo ambayo fundi wa Tabora mjini anaifungua bila kitabu, na ambayo spea yake haingojei basi la kutoka Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 800, mvua zikiwa zinapita. Yale yaliyokufa na kuwekwa juu ya mawe nayo yanakuwa ghala la spea. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua, au wa mpunga katika mbuga za Igunga, ananunua trekta pamoja na mafundi na vipuri vilivyolizunguka, na vitu hivyo haviletwi na chapa adimu hata ikiwa bora kuliko zote duniani.

Kuna hali moja ambayo naungana na wenye shaka bila kusita. Wakionekana wamiliki wengi wanauza matrekta ya aina moja yenye miaka mitatu au minne tu, mita ya saa za injini ikiwa bado chini, na matangazo yanakaa miezi bila mnunuzi hata bei inaposhushwa, hapo wingi ni onyo. Hata katika hali hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kwa nini anauza, maana jibu lake kila mtu analijua kabla halijatamkwa. Aulizwe sasa ananunua nini. Anayeuza Massey Ferguson moja ili aongezee fedha anunue nyingine kubwa zaidi, na anayeiuza ili ahamie chapa tofauti kabisa, mtu anayehesabu matangazo huwahesabu wote wawili sawasawa, ilhali ushuhuda wao juu ya chapa ile unapingana.