Mtoto wa Mji Mkongwe Hapotei

Binti yetu anaishi Mestre, upande wa bara, dakika kumi na kitu kwa treni hadi Venice, Italia. Siku ile alikuwa kazini, basi akatuwekea ramani kwenye simu, akanisisitiza: "Baba, fuateni mstari wa buluu tu, mpaka uwanja wa San Marco."

Nilimtazama tu. Mie niliyesomesha jiografia miaka 31, nikazaliwa Sokomuhogo na kucheza kibe Kajificheni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, leo nifuate mstari wa buluu? Simu nikamtilia mama yake mkobani.

"Mwalimu," mke wangu akasema tulipotoka stesheni, "na hayo makubazi juu ya soksi?"

"Bibie, tunakwenda kutembea, si harusini."

Mji Mkongwe una kanuni moja: ukipotea, shika kichochoro chochote na ukaze mwendo, utatokea Darajani au Forodhani. Hapa nako kuna vibao vya njano ukutani, vinakuelekeza daraja la Rialto na San Marco. Na mnara wa San Marco unakaribia mita 99. Mtu atapoteaje mbele ya mnara kama huo?

Basi nawaambia, mtu anapotea. Vichochoro vyao vimebanana hata mbingu unaiona kama utepe, huo mnara utauonea wapi? Kisha tukafika kwenye ukuta wenye kibao cha San Marco na mishale miwili, mmoja unakwenda kushoto, mmoja kulia. Nikachagua kulia. Nyumba nazo zina namba elfu tano na kitu, wakati kichochoro chenyewe kina milango minane. (Baadaye binti alinieleza kwamba namba zinahesabiwa mtaa mzima, si njia moja. Ningeambiwa mapema ningeshukuru.)

Kanuni yangu ya kutokea ilifanya kazi vizuri sana. Kila njia tulitokea. Tulitokea majini. Unakata kona, unapita chini ya nyumba ya watu, unaona mwanga, unachangamka, unakuta vidato vinne vya ngazi na maji yamekukodolea macho. Mji huu una madaraja zaidi ya 400, na magoti yangu yanaweza kutoa ushahidi.

Kulikuwa na bibi mmoja dirishani, ghorofa ya pili, anaanika nguo. Mara ya kwanza tulipopita nikamwamkia, "Buongiorno," akaitikia. Mara ya pili akatabasamu. Mara ya tatu akageuka ndani kumwita mumewe aje aone.

Nikamwuliza mzee mmoja mwenye kijibwa. Akanyoosha mkono: "Sempre dritto!" Maana yake, moja kwa moja mbele. Hatua ishirini mbele kulikuwa na ukuta. Wa pili naye, sempre dritto, ukuta. Mnara ule uliwahi kuporomoka mwaka 1902, wakaujenga upya ukamalizika 1912. Saa ile nikaanza kushuku umeporomoka tena na watu wanaona haya kutuambia.

"Tutoe simu?" mke wangu akauliza, kwa sauti ya upole ambayo mie naijua.

"Subiri, nimwulize yule kijana wa gondola."

Gondola, mashua yao nyembamba ya kutembezea wageni, ilikuwa imefungwa chini ya ngazi za jiwe zinazoshuka mferejini. Ngazi mbili za juu kavu. Ya tatu ina utando wa kijani, laini kama bamia. Nilijua ni mwani nilipokwisha kuukanyaga. Mguu wa kushoto ukaniaga, nikaingia majini mpaka gotini, mkono mmoja nimekumbatia nguzo kama ndugu yangu wa damu. Kubazi likachomoka, likaelea, likaanza safari.

Kijana hakusema neno. Akachukua kasia, akalivuta, akalipandisha chomboni, akaliweka kwenye kiti cha mahameli chekundu. Asubuhi tulitajiwa euro 90 kwa nusu saa nikasema haiwezekani. Kubazi langu likapanda bure.

Mke wangu alicheka hadi akajishika ukutani. Alipopata pumzi akatoa simu. Tulifika San Marco kwa dakika tisa.

Uwanja ule ni mzuri, sina la kusema, ila soksi ilikuwa inalia chwa-chwa kila hatua na nilitaka kuikamua. Nikaona vidato safi vya mawe, baraza kabisa! Nikajikalisha. Hata sijavua soksi, askari kanisimamia: ni marufuku kukaa hapa, ukikaa unatozwa faini. Mji mzima wa mawe, na hakuna baraza ya mzee kukaa.

Simu ikalia. Binti.

"Mama, naona kidoti chenu kimezunguka pahali pamoja saa nzima. Kuna nini?"

Mke wangu akanitazama, kubazi mkononi, mguu mmoja wa suruali umenigandama.

"Hakuna kitu, mwanangu," akasema. "Baba yako alikuwa anasomesha."