Mtu Mweusi Juu ya Chemba

Juzi nilikuwa Coburg, kaskazini mwa Bavaria, natembea huku nachezea simu, nikakanyaga mtu mweusi. Yupo kwenye mfuniko wa chemba: kichwa kimegeuka upande, midomo mikubwa, hereni sikioni. Niliruka kama niliyekanyaga kaa la moto. Nikainua macho, nikamwona tena kwenye bendera ya mji.

Damu ikanichemka. Kumbe ndiyo nembo yao, na huyo ni Mtakatifu Morisi, kamanda wa jeshi la Roma kutoka Misri, aliyeuawa kwa ajili ya imani. Ndiye msimamizi wa mji tangu Zama za Kati. Mwaka 1934 Wanazi walimng'oa, wakaweka upanga wenye swastika, alama ya chama chao, 1945 akarudishwa. Hapo nikatembea kifua mbele! Kisha nikaitazama tena ile midomo, kifua kikanywea. Kanisa kuu la Magdeburg lina sanamu yake ya karne ya 13, kavaa deraya, mtu kamili, ungedhani ni mjomba wako. Mwaka 2020 wapo waliotaka aondolewe Coburg kabisa. Mimi nasema abaki, ila wamchore kama yule wa Magdeburg.

Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, ni chuma chenyewe. Mfuniko mzito vile umelala barabarani usiku kucha na hakuna anayeugusa. Kwetu ungekuwa kwenye mzani wa vyuma chakavu kabla ya adhana ya alfajiri, na shimoni tungechomeka tawi la mti.

Haya, anzeni: "Kala soseji mbili tu, keshatudharau." Nani kadharau? Mimi ndiye niliyetumbukia kwenye lile shimo la pale gengeni, kovu la ugoko ninalo. Wala sisemi Wajerumani ni malaika. Wanamkanyaga mtakatifu wao usoni kila wakienda kununua mkate. Bibi yangu angewachapa. Sisi Bibi na Bwana wetu wa nembo ya Tanzania tumewatundika ukutani ofisini, hakuna wa kuwakanyaga, na hilo najivunia. Ingawa wangekuwa wa chuma, chini barabarani... basi, niishie hapo.

Hivi, lile tawi la pale gengeni bado lipo, au nalo limeshageuzwa kuni?